Usiuze Masta: Mwongozo wa Kusambaza Filamu kwa Watengenezaji Wanaojitegemea

Kwa miaka mingi filamu ya Kitanzania ilikuwa ikimaliza safari yake juu ya meza ya duka moja Kariakoo. Mtayarishaji alifika na masta, yaani nakala kuu ya filamu, mkononi, akahesabiwa fedha taslimu, akatia saini karatasi moja au mbili, na tangu saa hiyo filamu haikuwa yake tena: zikichapwa diski elfu tano au elfu hamsini, hakuwa na njia ya kujua. Diski sasa imekufa, lakini desturi ya kuuza masta haikuzikwa nayo. Imehamia kwenye televisheni za kulipia na kwenye programu za simu, na vijana wanaokamilisha filamu zao leo bado wanauliza, "Nimuuzie nani?", badala ya kuuliza ni haki ipi iuzwe, kwa nani, kwa muda gani na katika nchi zipi.

Mimi pia niliuza masta ya filamu yangu ya kwanza. Mkataba ulikuwa wa kurasa mbili, kwa Kiingereza cha kisheria, na ulimpa mnunuzi haki zote, duniani kote, kwa muda wote. Miaka miwili baadaye binamu yangu wa Mombasa alinipigia simu kunipongeza kwa kuona filamu yangu kwenye televisheni, na sikuwa na hata shilingi ya kudai. Kilichoniuma zaidi ni kugundua kwamba wenzangu watatu walikuwa wametia saini karatasi ileile, mwaka uleule, na kila mmoja alikuwa ameambiwa kwamba amepewa bei nzuri kuliko wengine wote. Hatukuwa tumekaa pamoja hata siku moja kulinganisha. Mwongozo huu umeandikwa ili anayeanza leo asipite njia hiyo.

Hatua ya kwanza: nyaraka kabla ya kamera

Mnunuzi makini, kabla hajaitazama filamu, huuliza ni nani anayeimiliki, na jibu la mdomo halimtoshi. Andaa basi mlolongo wa umiliki kwa maandishi tangu mwanzo. Mwandishi wa muswada akupe haki ya kuutengenezea filamu. Ikiwa hadithi imetoka katika riwaya, ruhusa ya mwandishi au warithi wake itangulie. Kila mwigizaji atie saini fomu ya ridhaa, hata shangazi aliyejitolea kupita mara moja na ndoo kichwani, na vivyo hivyo mpiga picha, mhariri na mwenye nyumba mliyorekodia. Kumtafuta mtu huyo miaka mitatu baadaye, akiwa amehamia Songea na kubadilisha namba ya simu, ni kazi ngumu kuliko kumpa kalamu siku ileile anapopokea nauli yake.

Muziki ndio unaoziangusha filamu nyingi. Wimbo mmoja hubeba haki mbili: ya mtunzi wa muziki na mashairi, na ya mwenye rekodi. Msanii rafiki yako anaweza kukuambia kwa moyo safi, "Tumia tu, ndugu yangu," kumbe rekodi ni mali ya studio. Filamu ikishapandishwa mtandaoni, mitambo ya kutambua sauti humpelekea mwenye rekodi mapato yote ya matangazo, au huifunga filamu kabisa. Kama bajeti ni ndogo, mlipe mwanamuziki mmoja akutungie muziki mpya kwa mkataba. Mpiga gitaa au kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, mwenye kipaji atakupa sauti ambayo haiko katika filamu nyingine yoyote, nawe utalala usingizi.

Kuhusu vibali, Tanzania Bara hufuata Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayotoa kibali cha kurekodi na kuipanga filamu katika daraja la umri. Zanzibar ina chombo chake, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na Kenya ina Bodi ya Kuainisha Filamu. Hakimiliki nayo ina sheria yake kila upande: Bara ni ile ya mwaka 1999, Zanzibar ni ya mwaka 2003, na Kenya ni ya mwaka 2001. Hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe na haingoji usajili, lakini cheti cha usajili ni ushahidi wa thamani kubwa siku ya ugomvi. Sajili.

Hatua ya pili: tafuta wenzako sita

Hatua hii nimeiweka hapa, kabla ya kuzungumzia soko, kwa sababu mtengenezaji aliye peke yake hana soko. Ana mnunuzi tu. Tafuta watayarishaji sita hadi wanane ambao kazi zao unaziheshimu na ambao hulipa madeni yao. Kikundi kikizidi hapo mwanzoni, mikutano hugeuka hotuba. Kutaneni mara moja kwa mwezi, siku isiyobadilika, na kila mkutano uwe na kazi moja ya kufanywa mezani.

Kazi ya kwanza ni daftari la bei. Kila mmoja aandike, kwa kila mkataba aliowahi kusaini: ni haki gani alizitoa, kwa miaka mingapi, alilipwa kiasi gani, na fedha ilichukua miezi mingapi kufika. Wapo watakaoona haya kutaja kiasi kidogo walichopokea, na haya hiyo ndiyo inayomnufaisha mnunuzi, kwani bei ya chini hudumu pale ambapo kila aliyeikubali anadhani ni yeye peke yake. Aanze mkubwa wa kikundi, mwenye jina, ataje kiasi chake kibaya kuliko vyote, wadogo watafuata. Tahadhari moja tu: baadhi ya mikataba ina kifungu cha usiri. Aliyekisaini akiheshimu, asitaje tarakimu, ila anaweza kueleza ni haki zipi huwa zinaombwa na ni zipi alizofanikiwa kuzibakiza. Na kuanzia mkataba unaofuata, aombe kifungu hicho kiondolewe kabla ya kusaini.

Kazi ya pili ni kusomeana mikataba. Asisaini mtu mkataba ambao wenzake wawili hawajausoma neno kwa neno. Mwanasheria ni bora, na kikundi cha watu saba kinaweza kumlipa kwa kuchangiana ambapo mmoja asingeweza. Lakini hata macho ya mtengenezaji mwenzako aliyekwisha kuumwa na nyoka huona majani yanapotikisika.

Kazi ya tatu ni kumiliki vifaa kwa pamoja: projekta moja, spika mbili, turubai, jenereta ndogo. Changeni kama mnavyochanga upatu, isipokuwa hapa anayepokea ni mfuko, na vifaa ndivyo vinavyozunguka. Andikeni mapema nani anavitunza, nani analipa vikiharibika, na anayejitoa anarudishiwa nini. Makubaliano ya kurasa tatu yaliyosainiwa na wote yanatosha kuanzia; kusajili kampuni au chama kunaweza kusubiri mpaka mnunuzi atakapodai ankara na namba ya mlipakodi.

Uganda imetupa mfano unaostahili kusomwa kwa makini. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana na kampuni yake ya Ramon Film Productions walitengeneza filamu za mapigano kwa fedha kidogo sana, kisha waigizaji wenyewe wakapita nyumba kwa nyumba kuuza diski, wakiwahi siku za mwanzo kabla nakala za wizi hazijajaa mitaani. Mtaa uliocheza filamu ndio uliokuwa soko lake la kwanza, na muuzaji alikuwa mtu ambaye mnunuzi amemwona ndani ya picha. Diski zimepita, lakini mpango ule wa kuifanya timu ya filamu kuwa timu ya mauzo unafanya kazi vilevile kwa tiketi na kwa viungo vya mtandaoni.

Hatua ya tatu: chora jedwali la haki

Chukua karatasi kubwa ya manila. Upande wa kushoto, kutoka juu kwenda chini, andika njia ambazo filamu inaweza kumfikia mtazamaji: sinema, matamasha, maonesho ya jamii, shule na taasisi, televisheni ya kulipia, televisheni ya bure, mtandao wa kulipia kwa mwezi, mtandao wa kulipia filamu moja moja, mtandao wa bure wenye matangazo, ndege na mabasi. Juu, kutoka kushoto kwenda kulia, andika maeneo: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, Kongo, Oman na nchi za Ghuba, Ulaya, Marekani ya Kaskazini. Kila kisanduku kinachopatikana ni mali inayoweza kuuzwa peke yake. Anayekuja kununua masta anaomba visanduku vyote themanini kwa bei ya kimoja.

Ndani ya kila kisanduku unachokiuza andika mambo manne: kama haki ni ya kipekee au la, ni ya muda gani, ni kwa lugha zipi, na filamu itaoneshwa mara ngapi. Televisheni ya kulipia ya Tanzania, kwa mfano, inaweza kupewa haki ya kipekee ya miezi 12 na maonesho sita, huku Waswahili wa Maskati wakiendelea kuinunua kwako moja kwa moja mtandaoni. Usisahau jambo la lugha. Filamu ya Kiswahili yenye manukuu mazuri ya Kifaransa, yaani tafsiri ya mazungumzo iliyoandikwa chini ya picha, inaweza kuombwa na tamasha la Bujumbura au Kinshasa, na gharama ya kuyaandika manukuu hayo ni ndogo kuliko siku moja ya kurekodi.

Zipo kauli ambazo ukiziona katika mkataba unapaswa kuweka kalamu chini. "Haki zote zinazojulikana sasa na zitakazobuniwa baadaye" inakunyang'anya hata teknolojia ambayo haijazaliwa. "Kwa muda wote wa hakimiliki" inasikika kama maneno ya kawaida, lakini kwa kazi za picha na sauti chini ya sheria ya Tanzania Bara maana yake ni miaka 50. "Baada ya kutoa gharama", bila orodha ya gharama na ukomo wake, humaanisha mara nyingi kwamba mgawo wako hautafika kamwe. Omba ukomo uandikwe kwa tarakimu, uombe haki ya kukagua vitabu vya hesabu, na uombe kifungu kinachorudisha haki kwako ikiwa mnunuzi hataionesha filamu ndani ya muda fulani. Mnunuzi mwema hatakasirika. Hizi ni desturi za biashara yake mwenyewe.

Hatua ya nne: masta na nakala zake

Hapa nitakwenda haraka. Hifadhi faili kuu ya ubora wa juu, ProRes 422 HQ au inayolingana nayo, isiyo na manukuu yaliyochomwa juu ya picha. Manukuu yakae katika faili yake ya maandishi. Sauti igawanywe: mazungumzo peke yake, muziki na milio peke yake, ili atakayetaka kuingiza sauti za lugha nyingine aweze. Kwa ajili ya kumbi za sinema utahitaji kifurushi cha DCP, ambacho programu ya bure iitwayo DCP-o-matic inaweza kukitengeneza kwenye kompyuta ya kawaida. Vipimo vyake ni pikseli 1998 kwa 1080 kwa picha ya kawaida, au 2048 kwa 858 kwa picha pana. Kijaribu katika ukumbi halisi kabla ya siku yenyewe. Tunza nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae nyumba nyingine kabisa, kwa mwenzako wa kikundi.

Siku za kurekodi, mtu mmoja apige picha mnato kwa kamera halisi. Picha kumi nzuri zitaingia katika mabango, magazeti na fomu za matamasha kwa miaka mingi, ilhali picha iliyokatwa kutoka ndani ya video huonekana ilivyo.

Hatua ya tano: chagua onesho la kwanza

Onesho la kwanza hutolewa mara moja tu, na matamasha makubwa huliulizia. Filamu iliyokwisha kupandishwa mtandaoni hukataliwa na mengi kati yao hata kabla haijatazamwa. Kwa hiyo panga kwanza kalenda ya matamasha, ndipo ufuate soko. Tamasha la Nchi za Jahazi la Zanzibar, ZIFF, lililoanzishwa mwaka 1997, ndilo lililo karibu nasi zaidi, na maonesho yake ndani ya Ngome Kongwe hukutanisha watengenezaji kutoka pwani yote ya Bahari ya Hindi. FESPACO ya Ouagadougou, iliyoanza mwaka 1969, hufanyika miaka isiyogawanyika kwa mbili. Durban ina soko la miradi ambako unaweza kwenda na filamu ambayo bado haijakamilika. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilioneshwa kwa mara ya kwanza Toronto, Septemba 2021, na Watanzania wengi waliisikia kwanza kutoka huko. Safari za namna hiyo huandaliwa miezi mingi kabla.

Usilipe ada za matamasha arobaini. Chagua manane, andika barua ya heshima kuomba msamaha wa ada, na mwenzako anayekwenda abebe kadi na viungo vya filamu za kikundi kizima. Mtu mmoja ndani ya Ngome Kongwe anaweza kuzungumza kwa niaba ya saba walioshindwa kulipa nauli ya boti.

Hatua ya sita: peleka filamu mtaani

Kumbi za sinema ni chache na ziko katika miji mikubwa. Watazamaji wetu wengi walilelewa na vibanda umiza, wakikaa juu ya mabenchi, msimulizi akiwatafsiria filamu za kigeni kwa kipaza sauti. Wale wasimulizi, ambao Uganda huitwa maviijei, wanajua kushika umati kuliko sisi tulio nyuma ya kamera, na ninashauri kwa dhati umwalike mmoja awe mwenyeji wa onesho lako, afungue usiku na aongoze mazungumzo baada ya filamu.

Anza kwa mtendaji wa mtaa, au sheha kwa upande wa Zanzibar, upate ruhusa kwa maandishi, na umwalike yeye na familia yake wakae mbele. Angalia kalenda: usipange siku ya Simba na Yanga, wala katikati ya masika ikiwa mnaonesha uwanjani, na pwani anza baada ya sala ya Isha. Turubai jeupe la mita 4 kwa mita 2.25 linatosha watu mia mbili. Kama projekta ina uwiano wa 1.5, yaani umbali wake ni mara moja na nusu ya upana wa picha, iweke mita 6 kutoka kwenye turubai. Mwanga wa lumeni 3,000 au zaidi utatosha giza likishaingia, lakini kamwe si kabla. Jenereta ikae mbali, nyuma ya ukuta, upande upepo unakoelekea, la sivyo watazamaji watasikia jenereta na kuvuta moshi wake kwa dakika tisini. Spika ziinuliwe juu ya vichwa. Fanyeni majaribio usiku uliotangulia, mahali palepale, kwa filamu nzima.

Hesabu ya mfano inaweza kuwa hivi. Tiketi ni shilingi 2,000 na waliolipa ni watu 180, hivyo mapato ni 360,000. Ondoa eneo 50,000, usafiri wa vifaa 60,000, mafuta 25,000, mlinzi 20,000 na mwenyeji 40,000, inabaki 165,000. Asilimia 10, yaani 16,500, iende kwenye mfuko wa vifaa, na 148,500 ziwe za filamu. Kiasi hicho si utajiri. Lakini mkionesha katika mitaa kumi na miwili, mnapata takwimu ambazo hakuna mnunuzi anayeweza kuzipuuza: watu wangapi walilipa, wapi, na waliuliza nini. Kusanyeni pia namba za simu za wanaoridhia kupokea taarifa. Orodha hiyo ni mali ya kikundi na isiuzwe kwa mtu.

Hatua ya saba: televisheni, kisha mtandao

Vituo kama Sinema Zetu ya Azam TV na Maisha Magic Bongo ya DStv huhitaji filamu nyingi ili kujaza ratiba, na ndiyo maana mtu mwenye filamu moja hana sauti kubwa mezani. Kikundi chenye filamu saba kinaweza kuomba kikao kimoja, kikaweka mkusanyo mezani, kikataka masharti ya aina moja kwa kila kazi: muda wenye mwisho, idadi ya maonesho, na haki za nje ya nchi kubaki kwa mtengenezaji. Bei zinaweza kutofautiana kwa kila filamu, masharti yasitofautiane.

Mtandao wenye matangazo uwe wa mwisho katika foleni. YouTube huanza kugawana mapato ya matangazo na chaneli iliyofikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na fedha hutumwa zikifika dola 100. Kufikia hapo peke yako huchukua muda mrefu. Chaneli ya pamoja ya kikundi, yenye mkataba wa kugawana kwa kila filamu kulingana na saa zake, hufika mapema. Jaza taarifa za kodi: bila hizo, kampuni inaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote, na hata ukizijaza, mapato yatokanayo na watazamaji wa Marekani hukatwa asilimia 30 kwa nchi zisizo na mkataba wa kodi na Marekani, Tanzania na Kenya zikiwemo. Kabla ya kufika huko, jaribu kuuza kiungo cha kutazama kwa malipo ya simu kwa watu wa orodha yako. Jirani aliyekosa onesho la uwanjani na dada aliyeko Doha watakilipia. Trela la kusambazwa kwa WhatsApp liwe la wima, la sekunde 30, na lisizidi megabaiti 10, maana anayelipokea analipia bando.

Hatua ya nane: hesabu kwa waliofanya kazi nawe

Kila baada ya miezi sita, andika ukurasa mmoja: kila kisanduku kilichouzwa, kiasi kilichoingia, gharama, kilichobaki, na mgawo wa kila aliyeahidiwa asilimia. Utume kwa waigizaji na mafundi wote, hata kipindi ambacho hakuna kilichoingia, na uandike hivyo wazi. Nakala ibandikwe katika daftari la kikundi. Pembeni mwa jedwali la haki, andika tarehe ambayo kila haki uliyoitoa itarejea kwako, na miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo mpelekee mnunuzi barua kumkumbusha, ili siku itakapofika kisanduku kiwe tayari kinasubiri mteja mwingine.